Geuza "hu-" iwe "-li-" unapomsimulia mtoto habari za ukoo
Nimeligundua hili juzi nikimsimulia mwanangu habari za babu yake: maneno ya ukoo yanayotia hofu, karibu yote huja na "hu-". "Kwetu biashara hufa." "Wanaume wa kwetu huondoka." Kiambishi hicho hakitaji mtenda wala wakati, basi mtoto anayapokea kama sheria ya dunia, sawa na jua huchomoza mashariki. Sasa natumia "-li-": "Biashara ya babu ilikufa. Alimkopesha rafiki fedha, rafiki akatoweka." Papo hapo kuna mtu, kuna siku, kuna sababu, na mtoto anauliza, "Halafu akafanyaje?" Swali hilo ndilo unalolitafuta. Endelea na "-ka-" mpaka ufike alipoinuka, hata kama ni kidogo tu: akauza baiskeli, akaanza upya. (Usipambe, watoto hunusa uongo.) Haifai kama jambo lenyewe bado linaendelea. Baba anapiga mpaka leo, wewe unasema "alipiga"? Umemdanganya mtoto, naye anajua. Wala usijaribu akiwa analia. Kwanza msaidie kutaja anachohisi, woga, wivu au aibu. Kisa kitasubiri.