Kupima umma homa ya ini C bila kumpoteza mtu njiani

Mwenye virusi vya homa ya ini C anaweza kukaa miaka 20 bila kujisikia mgonjwa, huku ini likiharibika polepole. Chanjo hakuna. Dawa ipo: vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir, kwa kawaida wiki 12, huponya zaidi ya watu 9 kati ya 10.

Kabla ya kununua vipimo, jua ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri kuwapima watu wazima wote pale wenye kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza dhidi ya virusi hivi, wanapofikia asilimia 2 hadi 5. Misri ilivuka kiwango hicho kwa sababu ya sindano za kutibu kichocho zilizorudiwa kutumika kwa miaka mingi. Kati ya Oktoba 2018 na Aprili 2019 ilipima watu karibu milioni 50. Penye maambukizi haba, hesabu hugeuka. Chukua watu 10,000 ambao 50 tu wana kingamwili: kipimo kinachokosea mara 1 katika 100 kwa wasio nazo kitawapa wengine kama 100 chanya ya uongo. Hapo afadhali uwalenge waliowahi kuongezewa damu, wanaosafishwa figo na wanaojidunga dawa za kulevya.

Mezani, usifungue mapema pakiti ya kaseti, yaani kipimo cha haraka cha kingamwili, kwa kuwa unyevu huiharibu. Pangusa kidole cha kati au cha pete kwa spiriti na ukiache kikauke kabisa. Toboa pembeni mwa ncha, futa tone la kwanza kwa pamba kavu, kisha acha damu itoke yenyewe. Ukikamua sana, majimaji ya mwilini huipunguza nguvu. Kwa kaseti ya SD Bioline, weka mikrolita 10 za damu na matone 4 ya kimiminika kilichokuja na boksi hilohilo, si cha boksi la kampuni nyingine. Soma kati ya dakika ya 5 na ya 20. Mstari unaojitokeza baadaye usiuhesabu.

Herufi C kwenye kaseti huwatia watu hofu bure: ni mstari wa udhibiti, unaoonyesha kuwa kipimo kimefanya kazi, hauna uhusiano na jina la ugonjwa. Usipotokea, kipimo kimeharibika, rudia kwa kaseti mpya. Mstari wa T, ambao ndio wa kingamwili, hata uwe hafifu, ni chanya.

Sasa ndipo kampeni nyingi huvuja. Chanya ya kaseti ni kingamwili tu, na wapo waliokwishaondoa virusi wenyewe. Misri, kati ya chanya waliopimwa tena, takriban asilimia 76 ndio waliokutwa na virusi. Usimwambie mtu arudi kesho. Mchukulie damu ya mshipa palepale kwenye chupa ya EDTA (dawa inayozuia damu kuganda) yenye kifuniko cha zambarau, na plazima, yaani majimaji ya damu, itenganishwe ndani ya saa 6 kwa ajili ya PCR au GeneXpert, vipimo vinavyotafuta virusi vyenyewe.

Aliye hasi lakini alijidunga karibuni arudie baada ya miezi 6, kwa sababu kingamwili huchelewa kwa wiki 8 hadi 11.

Kabla ya dawa, pima homa ya ini B, maana inaweza kuamka wakati C inatibiwa. Wiki 12 baada ya kumaliza vidonge, rudia PCR. Kaseti haitumiki hapa: kingamwili hubaki hata kwa aliyepona. Liandike hilo kwenye kadi yake, la sivyo kituo kingine kitamtobolea kidole na kumwambia bado anaumwa.