Kabla ya kuitisha semina: kupima mahitaji ya mafunzo kazini na kujua kama yamesaidia

Maombi ya mafunzo mara nyingi humfikia mhusika yakiwa na jibu ndani: "Wafanyakazi wanahitaji semina ya ubora." Ukiyakubali hivyo hivyo, umelipa kabla ya kujua unanunua nini. Hapa tutafuata kituo kimoja cha mfano: kituo cha kukusanyia maziwa chenye wapokeaji 6 wa zamu mbili, kinachopeleka kiwandani lita 2,000 kwa siku. Kiwanda kinarudisha maziwa, meneja anataka semina. Ukiwa na stoo ya dawa au gereji, njia ni hii hii. Kitakachobadilika ni vipimo.

Hatua ya 1: Tafuta tarakimu inayouma

Weka kando orodha ya kozi. Uliza kinachoharibika ni nini, kwa kiasi gani, na kinaandikwa wapi. Kwa kituo chetu ni lita zinazokataliwa kiwandani katika kila lita 100 zilizopelekwa. Chukua daftari la mapokezi na hati za kiwanda za wiki 12 zilizopita. Wiki 4 hazitoshi: mvua ikiharibu barabara mara mbili tatu, maziwa yanachelewa na kuchacha bila kosa la mpokeaji yeyote.

Kuna tarakimu ya pili ambayo wengi huisahau, nayo ni maziwa mazima yaliyokataliwa getini. Mpokeaji anayekataa ovyo ataonekana hodari kwenye hati za kiwanda, huku wafugaji wakihamia kwa mchuuzi mmoja mmoja. Ili kuipata, msimamizi apime upya madebe 10 yaliyokataliwa kila wiki.

Kisha gawa tarakimu zako kwa zamu, kwa mtu na kwa sababu: kutiwa maji au uchachu. Hasara ikiwa karibu yote ni ya zamu ya jioni, hakuna haja ya kuwaita wote 6.

Hatua ya 2: Kaa getini utazame

Andika kazi inavyotakiwa kufanywa, kitendo kimoja kimoja, weka visanduku vya ndiyo na hapana, kisha tazama. Karatasi ya kupima kama maziwa yametiwa maji kwa laktomita, yaani kifaa kinachoelea na kuonyesha uzito wa maziwa, ingekuwa hivi:

1. Anakoroga maziwa taratibu bila kutoa povu.
2. Anajaza silinda hadi karibu kufurika.
3. Anatumbukiza laktomita polepole, inaelea bila kugusa ukuta wa silinda.
4. Anainama hadi jicho liwe sawa na uso wa maziwa, anasoma mstari unaoonekana juu tu ya maziwa.
5. Anapima joto.
6. Anasahihisha: kwa laktomita iliyotengenezwa kusoma sawasawa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, anaongeza 0.2 kwa kila nyuzi iliyozidi 20, au anapunguza 0.2 kwa kila nyuzi iliyopungua.

Kitendo cha 6 ndicho kinachorukwa zaidi, na madhara yake hayaonekani kwa macho. Debe limesomeka 25.5 na joto ni nyuzi 27. Kikomo cha kituo ni 26, yaani gramu 1.026 kwa mililita. Maziwa ya ng'ombe kwa kawaida huwa kati ya 1.026 na 1.032. Asiyesahihisha anamrudisha mfugaji nyumbani na sifa ya kuchakachua juu. Anayesahihisha anapiga hesabu ya nyuzi 7 mara 0.2, anapata 1.4, na usomaji wa kweli unakuwa 26.9. Maziwa ni mazima. Kosa la namna hii huwezi kulikuta kwenye dodoso lolote. Ni lazima uwe umesimama pale.

Mtazame kila mpokeaji mara 10 katika siku 3 tofauti, na mara 2 za kwanza za kila siku usizihesabu, kwa sababu mtu akitazamwa hujitahidi. Namna ya kuingia nayo ina uzito. "Shikamoo mama, nimekuja kuona mnavyopokea, niendelee kusimama hapa?" itakupa picha ya kweli kuliko koti jeupe na faili kwapani.

Hatua ya 3: Hajui, hana, au haimlipi?

Mwite kila mpokeaji kwenye chumba tulivu, mpe vifaa vyote na muda wa kutosha, mwombe apime. Akipima sawasawa pale lakini getini akakosea, anajua. Semina haitamwongezea kitu. Tafuta sababu kwingine.

Sababu za "hana" ni nyingi kuliko mameneja wanavyodhani. Kipimajoto kimoja cha zamu mbili, kilichovunjika tangu mwezi uliopita. Foleni ya pikipiki saa 1 asubuhi, mpokeaji mmoja. Au chupa ya alkoholi isiyofungwa. Kipimo cha uchachu huchanganya mililita 2 za maziwa na mililita 2 za alkoholi ya asilimia 68. Maziwa yaliyoanza kuchacha hukatika na kutoa chembechembe. Chupa ikikaa wazi, alkoholi inayeyuka kwenda hewani upesi kuliko maji, kilichobaki kinapungua nguvu, na maziwa yaliyoanza kuharibika yanapita bila kukatika. Dawa yake ni kifuniko cha chupa.

"Haimlipi" ndiyo ngumu kuisema mbele ya meneja. Mpokeaji anayelipwa kwa lita alizopokea anajikata mwenyewe mshahara kila akikataa debe. Na kama debe ni la mwenyekiti wa ushirika, utamfundisha nini?

Rekebisha kwanza vifaa na malipo, ngoja wiki 4, upime tena tarakimu za hatua ya 1. Ukinunua vipimajoto na kuendesha mafunzo wiki ile ile, hutajua kipi kilichosaidia, na mwakani utaombwa fedha za kile kisichosaidia.

Hatua ya 4: Waulize, lakini si "mnataka mafunzo gani?"

Swali hilo palipo na posho huzaa orodha ya semina, hasa za mbali. Uliza hivi: "Dada, debe gani lilikusumbua wiki hii? Ulifanyaje? Ulimuuliza nani?" Watu 6 wahoji wote, kila mmoja peke yake, dakika 20. Waulize pia wafugaji wachache na dereva wa gari la maziwa. Dereva anajua mengi.

Hatua ya 5: Andika lengo linalopimika

"Kuelewa umuhimu wa ubora" si lengo, kwa sababu huwezi kuona mtu akielewa. Andika: "Mpokeaji atapima sampuli 10 bila msaada kwa dakika 40 na kuamua sawasawa angalau 9."

Kwa nini 9? Jibu la kila sampuli ni kupokea au kukataa, kwa hiyo hata anayebahatisha ana nafasi ya nusu kwa nusu. Mbahatishaji hupata 7 au zaidi takriban mara 17 katika majaribio 100. Kupata 9 au zaidi humtokea kama mara 1 tu.

Tengeneza sampuli kwa uangalifu, maana hapa ndipo majaribio mengi huharibika. Weka 5 nzima na 5 mbovu: 3 zenye maji, 2 zilizoanza kuchacha. Usitie maji asilimia 10. Maziwa yaliyokuwa yakisoma 30 yakitiwa asilimia 10 ya maji husoma karibu 27, bado yako juu ya 26, na mpokeaji atayapitisha kwa haki kabisa huku wewe ukimwandikia kosa. Tia asilimia 20. Yatashuka hadi karibu 24. Katika zile nzima, tafuta moja nyepesi yenye joto, inayosoma chini ya 26 kabla ya kusahihishwa. Hiyo moja itakuonyesha nani anatumia kipimajoto. Maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi yasitumike kabla ya nusu saa: bado yana hewa ndani, husomeka mepesi kuliko yalivyo.

Hatua ya 6: Pima kabla, na acha kundi la kulinganisha

Wiki moja kabla ya mafunzo, kila mmoja afanye jaribio la sampuli na atazamwe getini kwa karatasi ile ile. Asiyepima kabla hana namna ya kudai baadaye kwamba kitu kimebadilika.

Kama ushirika una vituo viwili vinavyofanana, fundisha kimoja sasa na kingine baada ya miezi 3. Hakuna anayenyimwa, na wewe umepata kioo cha kutazamia msimu. Bila kituo cha pili, mvua zikikatika na barabara zikakauka, kukataliwa kutapungua kwenyewe na mwezeshaji atapokea sifa za jua.

Hatua ya 7: Fundisha kwa mikono

Nusu siku mbili hutosha, zikifuatana na zamu. Robo ya muda maelezo, uliobaki ni kupima, kukosea na kupima tena. Jaribio la mwisho lifanywe kwa sampuli mpya zenye mchanganyiko ule ule, namba zikiwa zimechanganywa.

Hatua ya 8: Pima ngazi nne, kila moja kwa wakati wake

Mpangilio unaotumika zaidi ni wa Mmarekani Donald Kirkpatrick, aliouandika mwaka 1959: walivyoyapokea mafunzo, walichojifunza, wanachofanya kazini, na matokeo. Ngazi ya kwanza ni fomu ya kufunga semina. Iweke fupi na usiitegemee. Chakula kizuri huipandisha. Swali lake la maana ni moja: "Ni nini kitakuzuia kufanya hivi kesho getini?"

Ngazi ya pili ni jaribio la sampuli. Ya tatu ni kurudi getini na karatasi ya vitendo 6 katika wiki ya 2, ya 6 na ya 12. Wengi hupima wiki ya 2 pekee, wakati joto la semina bado lipo. Ya nne ni tarakimu za hatua ya 1, zote mbili, kwa vituo vyote viwili.

Hesabu ya mfano: kituo kilichofundishwa kilishuka kutoka lita 3 zilizokataliwa katika kila 100 hadi 1.2. Kile ambacho hakijafundishwa kilishuka pia, kutoka 3 hadi 2.4. Usidai punguzo lote la 1.8. Toa 0.6 ya msimu. Kinachobaki ni 1.2. Kwa lita 2,000 ni lita 24 kwa siku, na lita ikiwa Sh 1,000 ni Sh 24,000.

Upande wa gharama andika vyote: mwezeshaji 400,000, wa kuziba nafasi getini 240,000, chakula na nauli 180,000, maziwa ya sampuli na alkoholi 60,000, saa za msimamizi za kutazama 270,000. Jumla Sh 1,150,000, zinazorudi kwa siku 48. Saa za msimamizi ndizo hufichwa, na bila hizo ngazi ya tatu haipo. (Waajiri walio Kenya wanaochangia NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, Sh 50 za Kenya kwa mwezi kwa kila mfanyakazi waulizie masharti ya kurudishiwa gharama kabla ya kuanza mafunzo.) Vituo viwili ni ushahidi mwembamba, kwa hiyo kwenye ripoti andika "takriban" na uonyeshe hesabu ilivyopatikana.

Hatua ya 9: Ngazi zikigongana

Fomu nzuri, jaribio baya: mwezeshaji alizungumza sana, vifaa vilikaa mezani. Jaribio zuri, getini hakuna kilichobadilika: rudi hatua ya 3, kuna kitu ulikiruka, na mara nyingi ni foleni au malipo. Wiki ya 2 nzuri na ya 12 mbaya: hakuna anayewatazama, mpe msimamizi karatasi ya vitendo, atazame madebe 5 kwa wiki. Getini wanafanya sawasawa lakini kiwanda bado kinarudisha: maziwa yanaharibika baada ya kupokelewa. Pima joto la tangi la kupozea usiku, na saa gari linapoondoka.

Tarakimu za kiwandani zikishuka wiki hiyo hiyo ambayo madebe mazima yaliyokataliwa getini yanaongezeka, watu wamejifunza kuogopa. Rudia kitendo cha 6 pamoja nao, debe kwa debe, kipimajoto kikiwa mkononi.