Kabla hujaandika Kihispania kwenye katoni ya minofu au mlango wa hoteli: mambo ya kuzingatia

Hapa Mwanza Kihispania huingia kazini kwa njia ya samaki na kwa njia ya wageni. Minofu ya sangara imekuwa ikisafirishwa Hispania kwa miaka mingi, na miongoni mwa watalii wanaopita hapa kwenda Serengeti kwa lango la Ndabaka, au wanaopanda boti kwenda kisiwa cha Saanane, wapo wanaozungumza lugha hiyo. Anayepewa kazi ya kuwaandikia mara nyingi si mtafsiri. Ni karani wa mauzo, dada wa mapokezi, au kijana wa ofisini anayesifika kwa kompyuta. Asubuhi anakabidhiwa karatasi ya Kiingereza, jioni inatakiwa ya Kihispania. Haya nayaandika kwa ajili yake. Maneno magumu hayatamsumbua sana, maana atayatafuta kwenye kamusi. Yatakayomponza ni yale yanayoonekana mepesi: herufi moja mlangoni, kifupisho alichokizoea, nukta katikati ya tarakimu.

Kwanza ulizia karatasi inakwenda nchi gani. Kihispania ni lugha rasmi ya takribani nchi 20, Guinea ya Ikweta hapa Afrika ikiwemo, na maneno ya kazi hayafanani kote. Hati ya makadirio ya bei huko Hispania huitwa presupuesto, Amerika ya Kusini wengi watasema cotización. Simu ya mkononi ni móvil Madrid na celular Mexico. Juisi ni zumo kwa wale na jugo kwa hawa. Tofauti za namna hii watu huzielewa, hakuna atakayekwazika. Lakini kitenzi coger, ambacho Hispania maana yake ni kuchukua au kupanda basi, kwa watu wa Mexico na Argentina ni neno la matusi ya chumbani. Usiliweke kwenye ratiba ya boti. Weka tomar, linakubalika kote.

Ukishajua msomaji ni nani, chukua kalamu, pitia karatasi nzima na uzungushie duara kila kifupisho kabla hujatafsiri hata sentensi moja. Utashangaa vilivyo vingi. Sisi wenyewe jambo hili tumeshalizoea: HIV tuliifanya VVU na AIDS ikawa UKIMWI. Kihispania kimefanya hivyo kwa mapana zaidi. HIV ni VIH, na AIDS ni sida, ambayo siku hizi huandikwa kwa herufi ndogo kama neno la kawaida. UN ni ONU, WHO ni OMS, IMF ni FMI, EU ni UE, DNA ni ADN, VAT ni IVA, NGO ni ONG. Lakini FAO, UNICEF na UNESCO hayaguswi, ingawa jina refu la FAO kwa Kihispania halina hata herufi F moja. Kwa hiyo huwezi kukisia kwa kupanga upya herufi za mwanzo. Lazima uangalie kimoja kimoja.

Vifupisho vya nyumbani, kama TANAPA, TRA na TBS, viache vilivyo, ila vinapotajwa mara ya kwanza andika kwa Kihispania kazi ya chombo hicho ni nini. Mgeni hana pa kuvitafuta. Angalia pia wingi: ONG moja ni la ONG, nyingi ni las ONG, haiongezwi s mwishoni kama Waingereza wafanyavyo. Marekani hufupishwa EE. UU., herufi mbilimbili kwa sababu jina lenyewe liko katika wingi, na katikati huachwa nafasi.

Vipo vifupisho vya Kiingereza ambavyo ni heri kuvitoa kabisa na kuandika maneno kamili. TBC katika ratiba, ile ya kusema jambo litathibitishwa baadaye, ni mfano mzuri. Mtanzania akiiona anafikiria redio na televisheni ya taifa. Daktari anayezungumza Kihispania, aliyekuja labda kutembelea hospitali, ataisoma kifua kikuu. Andika por confirmar, imekwisha. ETA nayo, inayoonyesha saa ya kufika kwa mzigo, watu wa meli huielewa, ila kwa Mhispania wa kawaida ni jina la kundi lenye silaha la eneo la Basque, lililoua watu kwa miongo kadhaa na kujivunja mwaka 2018. Hora estimada de llegada ni maneno marefu kidogo, lakini hayamkumbushi mtu msiba. Usibadilishe hata hivyo kila kitu ukidhani unasaidia: FOB na CIF ni masharti ya biashara ya kimataifa, hubaki hivyo hivyo kwa lugha zote.

Sasa twende hotelini, maana hapo herufi moja huweza kumwaibisha mtu. Mlango wa choo wenye M, kwa Kiingereza, ni wa wanaume. Mgeni anayezungumza Kihispania akiona M anasoma mujeres, yaani wanawake, na mama wa watu ataingia bila wasiwasi wowote. Wanaume kwake ni H ya hombres, au C ya caballeros. Wanawake huweza pia kuwa S ya señoras au D ya damas. Bomba la maji lina mtego huohuo. Kwa Kiingereza H ni moto na C ni baridi. Kwa Kihispania C ni caliente, maji ya moto, na baridi ni F ya fría. Mgeni anafungua C, anasubiri maji yapate moto, hayapati, anapiga simu mapokezi kulalamika. Hilo ni dogo. Kubwa ni mzazi anayemwogesha mtoto, anayekwepa C kwa tahadhari na kufungulia ile nyingine hadi mwisho. Weka rangi nyekundu na ya buluu, andika maneno kamili, na mlangoni weka picha. Gharama yake ni stika tu.

Ukiwa hapohapo hotelini, kagua na njia ya kutokea. Exit ni salida. Neno éxito lipo katika Kihispania na linafanana nalo sana, lakini ni mafanikio, na mlango wa dharura si mahali pa kumchanganya mtu. Namba ya chumba usiiandike No. 7, kwa kuwa no kwao ni hapana, huandikwa n.º 7. Vifupisho vya malazi vina mpangilio wao: kulala na kifungua kinywa ni AD, milo miwili ni MP, milo yote ni PC, kila kitu ndani ya bei ni TI. Karani asiyejua ataona PC kwenye barua ya wakala wa safari akadhani mgeni anaulizia kompyuta. Na katika kalenda zao herufi M ni Jumanne, Jumatano hupewa X, ili siku hizo mbili zisigongane.

Kwenye katoni ya samaki kosa halimalizwi kwa kuomba radhi, mzigo unaweza kusimamishwa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1379 ya mwaka 2013 inataka mlaji aelezwe jina la kibiashara la samaki na jina lake la kisayansi, namna alivyopatikana na alikotoka. Sangara ni perca del Nilo, Lates niloticus. Usiandike perca peke yake, na usikubali jina jingine hata ukiombwa kwa upole: Hispania sangara amewahi kuuzwa kwa jina la mero, samaki wa baharini mwenye bei kubwa, na wakaguzi wanalijua hilo. Njia ya upatikanaji ina maneno yake maalumu, hayatungwi: samaki wa ziwani aliyevuliwa ni capturado en agua dulce, wa kufugwa ni de cría. Baada ya hapo taja ziwa na nchi, lago Victoria, Tanzania. Kama sato wa vizimba wako naye anakwenda huko, usimwandikie capturado kwa sababu tu faili la zamani lilikuwa hivyo.

Tarehe ndiyo inayohitaji macho manne. Kihispania, kama Kiingereza cha Ulaya, kina tarehe mbili tofauti. Fecha de caducidad ni siku ambayo baada yake chakula hakiliwi, nayo ni ya minofu mibichi inayosafiri kwa ndege. Consumir preferentemente antes del ni ya bidhaa iliyogandishwa, ambayo baada ya tarehe hiyo hupungua ubora tu. Ukizichanganya, ama umefupisha maisha ya mzigo mzuri, ama umemwambia mtu samaki aliyepitwa na wakati anafaa. Kwa samaki waliogandishwa tarehe ya kugandisha nayo iwepo, fecha de congelación.

Na kama kuna mstari wa kusema hamjaweka kemikali za kuhifadhi, soma hapa kwa utulivu. Kiingereza ni preservatives, na Kihispania kina neno preservativo linaloonekana kama pacha wake. Ni kondomu. Kihifadhi cha chakula ni conservante, hivyo andika sin conservantes. HACCP kwenye vyeti vyenu, mfumo wa kudhibiti hatari za chakula, Hispania huandikwa APPCC. Uvuvi haramu, ule wa IUU kwa Kiingereza, nyaraka za Kihispania huuita pesca INDNR. Mwulize mnunuzi wako kama vyeti avitaka kwa kifupisho cha kwao au cha kimataifa. Ni swali la baruapepe moja.

Tarakimu watu huziruka kwa kuamini kwamba namba ni namba. Lebo ya Kiingereza inasema 12.500 kg kwa maana ya kilo kumi na mbili na nusu. Hispania nukta hiyo bado hutumika sana kutenga maelfu, kwa hiyo msomaji anaona kilo elfu kumi na mbili na mia tano. Andika 12,5 kg. Mexico, kinyume chake, hutumia nukta ya desimali kama sisi, ndiyo maana nilianza na swali la nchi. Kwenye fedha kubwa Mswahili ana hatari zaidi, maana bilioni yetu tumeifuata ya Kiingereza: milioni elfu moja. Billón ya Kihispania ni milioni milioni, yaani trilioni yetu. Mkataba wa shilingi bilioni 2 uandikwe dos mil millones de chelines tanzanos. Ukiandika dos billones umeuzidisha mara elfu moja.

Saa nazo zina ugeuzaji wa hatua mbili. Dereva anaambiwa saa mbili asubuhi, Kiingereza kinasema 8 am, Kihispania cha maandishi hupenda saa 24: 8:00 h. Usitafsiri kutoka kwenye ujumbe wa Kiswahili wa dereva moja kwa moja, mgeni atakuwa amevaa viatu saa nane usiku.

Programu za kutafsiri zitumie, zimekuwa nzuri, lakini usizikabidhi neno moja moja. Ukiipa game drive, yaani matembezi ya gari ya kutazama wanyama, bila sentensi inaweza kukurudishia mambo ya michezo au ya kompyuta. Kinachotakiwa ni safari fotográfico. Wape watu wako orodha ndogo ya maneno yenu ya kila siku mliyoyahakiki, ikiwemo chaleco salvavidas, yaani jaketi la kuokolea maisha, ya boti za Saanane. Kwenye barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa, kama Kiingereza kinasema mnaona haya, yaani embarrassed, msilete embarazada inayofanana nalo: hiyo ni mwenye mimba. Andikeni lamentamos, tunasikitika. Kwa mtu msiyezoeana naye tumieni usted, yaani wewe ya heshima, na kwenye orodha ya abiria andikeni majina yote mawili ya ukoo, kwa kawaida la baba kwanza halafu la mama. La mwisho si ndilo la ukoo pekee.

Mkibishana, kuna pa kuhakikisha bila malipo. Chuo cha lugha cha Hispania, RAE, kilichoanzishwa mwaka 1713, kina kamusi yake na kamusi ya mashaka ya lugha mtandaoni, na Fundéu, taasisi ya huko Hispania ya ushauri wa lugha, hujibu maswali ya matumizi ya kila siku, vifupisho vikiwemo.

Mwisho ni uchapaji. Lebo za kiwandani hutoka kwenye mashine ambazo nyingine hazina herufi ñ wala alama za mkazo. Año ni mwaka. Ikitoka ano ni sehemu ya mwili isiyotajwa mezani, na huwezi kujitetea kwamba umeandika kwa herufi kubwa, kwa sababu hata herufi kubwa hubeba alama zake. Kwenye simu bonyeza n kwa muda, kwenye Windows shika Alt uandike 164. Mpelekee mchapaji faili la PDF lenye fonti zake ndani, kisha mwombe atoe lebo moja ya majaribio. Ishike mkononi, itafute ñ kwa macho yako, ipige picha umtumie mnunuzi au mwenyeji wa lugha unayemwamini, na usiruhusu elfu zilizobaki zichapwe kabla hajajibu.