Paneli za sauti za kanga kwa chumba cha muziki

Nyumba ya tofali za simenti, vigae chini, dirisha la alumini: humo hata spika za bei kali zinasikika kama ziko bafuni. Kabla hujaongeza amplifaya, tibu kuta kwa paneli zinazonyonya sauti. Na kwa kuwa ukuta wa sebule una mwenyewe, ambaye aghalabu hataki kuona sponji jeusi, tutavisha paneli kanga.

Hatua ya 1: Tafuta mahali. Kaa pale unaposikilizia. Mwenzio ateleze kioo ukutani, usawa wa masikio yako. Kila utakapoiona spika ndani ya kioo, aweke alama ya penseli. Fanya hivyo kuta zote mbili za ubavuni. Paneli zinaanzia kwenye alama hizo, maana hapo ndipo sauti ya spika inapodunda ukutani kuja masikioni mwako.

Hatua ya 2: Fremu. Mwambie seremala akupigie fremu ya sentimita 120 kwa 80, kina sentimita 7.5. Vipimo hivi vinatoka kwenye kanga yenyewe, ambayo ni takriban 150 kwa 110: kila upande unabakiwa na sentimita 15, nusu ya kufunika ubavu wa fremu, nusu ya kukunjia nyuma. Pindo linageuka ubavuni, mji (pale katikati) na jina (maandishi) vinabaki usoni. Lakini kanga hazilingani, kwa hiyo ifue yako, ikikauka uipime kabla mbao hazijakatwa. Jina likizama nusu nyuma ya fremu, wageni watabaki kukuuliza lilikuwa linasemaje.

Hatua ya 3: Ujazo. Kinachohitajika ni kitu ambacho hewa inapita ndani yake kwa shida. Rokwuli, yaani sufu ya nyuzi za mawe, ndiyo bora. Vaa glavu na barakoa, kisha ifunge kwa kitambaa chepesi ili nyuzi zisitoke. Sufi nayo inafaa, ila inashuka chini baada ya muda, kwa hiyo itunge kwa uzi kama godoro, na iwe mbali na soketi maana inashika moto upesi. Trei za mayai achana nazo. Studio nyingi za mtaani zimezibandika, na besi haina habari nazo kabisa.

Hatua ya 4: Kanga. Iwe imeshafuliwa kabla ya kupimwa. Kanga mpya ina stachi inayoziba vitundu, na pia itapungua kidogo. Ikiwa kavu, ibane mdomoni upulize: pumzi ikipita upande wa pili, sauti nayo itapita na kufika kwenye rokwuli. Kitenge kizito chenye nta mara nyingi kinashindwa jaribio hili. Kwa sababu hiyohiyo usipake rangi juu ya paneli, hata ua moja dogo. Anza kupiga stepla katikati ya kila ubao, uelekee pembeni huku ukiangalia mstari wa pindo; ukianzia kwenye kona, mji utakaa upogo.

Hatua ya 5: Tundika. Weka vipande vya mbao nyuma ili paneli ikae sentimita 5 hadi 7 mbali na ukuta. Hewa iliyogusana na ukuta haina mwendo, na rokwuli inakula sauti pale hewa inapotembea. Nafasi hiyo tupu inakuongezea uwezo wa kushika sauti za chini bila kununua chochote. Besi nzito ya pembeni, hata hivyo, itadai paneli nene zaidi kwenye kona za chumba.

Hatua ya 6: Picha ulizonazo. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa michoro ya Tingatinga, alichora kwa rangi ya kung'aa juu ya hadibodi, na picha za namna hiyo zinarudisha sauti kama ukuta wenyewe. Usizitundike kwenye alama za penseli. Ziweke nyuma ya kiti, tena zisikae sambamba kabisa na ukuta: ziinamishe kidogo kwa juu ili sauti ielekee sakafuni, ambako utatandika zulia. Kuta zote ukizifunika kanga na rokwuli, chumba kitapooza na taarabu itakosa uhai.