Mchanga umejaa silikoni lakini mmea hauna meno: namna ya kuifikisha kwenye mizizi

Huku kwetu Malindi ukimwambia mtu mpunga na miwa zinataka silikoni anakucheka, silikoni si ndio mchanga, na mchanga si tunao mpaka ndani ya viatu? Hajakosea. Silikoni ni karibu asilimia 28 ya uzito wa ganda la dunia, ya pili baada ya oksijeni, na ule mchanga mto Sabaki unaotuletea kila mafuriko umejaa silika (sio silika ile ya tabia ya mtu bana, hii ni silikoni ikishikana na oksijeni). Shida ni kwamba mmea hautafuni, unakunywa, na punje ya mchanga hata uiache kwenye maji mwaka mzima lita moja haitoi hata miligramu 15. Silika iliyotoka kwenye mmea uliooza au uliochomwa vizuri ni laini zaidi, hiyo lita moja inaweza kufika miligramu 100 na kitu. Kwa hivyo kazi yote ya mkulima iko hapo, utafute silika laini na uirudishe ardhini kila mara.

Ikishayeyuka inakuwa asidi ya silika, ambayo haiunguzi wala nini, na inaingia kwenye mzizi pamoja na maji. Kwa mpunga inafunguliwa mlango kabisa, mwaka 2006 watafiti wa Japani wakiongozwa na Jian Feng Ma walionyesha kuna protini inaitwa Lsi1 inayoipokea upande wa nje wa chembe za mzizi, baadaye ikajulikana Lsi2 inayoisukuma upande wa ndani. Kutoka hapo inapanda na maji mpaka kwenye majani, jua linakausha maji, silika inabaki, inakuwa kama uji mzito halafu inaganda kama kioo. Shika jani la muwa ulivute kwa haraka kati ya vidole uone, utatoka na mkato mwembamba unaowasha mpaka jioni, hicho ndicho kioo chenyewe kimepanga meno ukingoni mwa jani. Hata majani ya msasa ambayo wazee walikuwa wanasugulia mbao kabla ya karatasi za dukani, ule ukwaruzo ni vinywele vyenye silika.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea: ikishaganda haihami tena. Jani la chini haliwezi kuligawia jani jipya la juu, kwa hivyo ukimwaga mara moja wakati wa kupanda ukasahau, majani ya mwisho yanatoka hayana kinga ya kioo hicho. Na ukivuna ukabeba mabua na majani yote ukauza au ukachoma moto njiani, umebeba silikoni yako yote umeitupa. Mabua ya mahindi, majani ya miwa, nyasi za mpunga, yarudishe shambani, yakatekate uyachanganye na samadi yaoze.

Dawa yenyewe ni makapi ya mpunga. Mashine za kukoboa upande wa Garsen na Tana Delta huwa na milima yake, na gari za barabara ya Lamu zinapita hapo hapo. Kilo 100 za mpunga zinatoa kama kilo 20 za makapi, na hayo makapi ukiyachoma yote yanabaki majivu kama sehemu moja kati ya tano hivi, na majivu hayo karibu yote ni silika. Lakini usiyachome mpaka yawe meupe kwenye moto mkali, joto likizidi sana silika inageuka ngumu kama mchanga na umerudi ulikotoka.

Chukua debe kuukuu, litoboe tundu nyingi na msumari, toa tundu kubwa juu upachike bomba la bati liwe dohani. Washa moto mdogo wa kuni chini, lifunike debe juu ya moto, halafu mwaga makapi yalizunguke pande zote kama kichuguu. Yataungua polepole kutoka ndani, ukiona weusi umetokeza juu geuza na koleo, na yakishakuwa meusi yote (meusi, sio kijivu!) mwagia maji mengi uyatandaze. Usiondoke ukaenda kuswali ukaacha, mimi niliacha, nikarudi nikakuta majivu matupu. Na funga kitambaa puani, vumbi lake si zuri kwa mapafu.

Kwa miche nachanganya sehemu moja ya makapi meusi na nne za udongo. Shambani nayatia kwenye mashimo pamoja na samadi, tena nayarudia katikati ya msimu. Makapi mabichi pia yanafaa ila yanaoza polepole na yanakula naitrojeni, kwa hivyo yaozeshe na samadi kwanza. Kwenye ardhi ya matumbawe kuwa mwangalifu na majivu, ile ardhi tayari ina chokaa, ukizidisha mmea unashindwa kuchukua madini ya chuma na zinki, majani mapya yanapiga njano. Nyanya zangu za shambani zilinifunza hilo, na nyanya zenyewe hazina haja sana na silikoni, inayoitaka ni mimea kama mpunga, miwa, mahindi, mtama, halafu matango na maboga kidogo.

Wenye visima vya chumvi, hii inasaidia, kwa mpunga silika inaziba njia za pembeni kwenye mzizi ambazo chumvi ingepitia, lakini usitarajie iyageuze maji ya bahari kuwa ya kunywa. Ukinunua ile ya maji ya dukani, silikati ya potasiamu, usiichanganye na mbolea ya kalisiamu kwenye tanki moja, itaganda na pampu itaziba.

Acha mstari mmoja bila kutia chochote. Kaskazi ikivuma angalia mabua gani yamelala, ya mstari huo au ya pale ulipotia silika.