Somo: Kutoa na kuuza vipuri vya zamani unapokarabati mashua kuukuu ya uvuvi

Anayefufua mashua kuukuu ya uvuvi mara nyingi huishiwa hela kabla mbao hazijaisha. Macho yanahamia kwenye vyuma vilivyomo ndani, na kuuza kunaanza. Kuuza ni halali na kunasaidia sana, ila kuna utaratibu wake. Kipuri ulichokitoa ndicho kipimo cha kitakachoingia mahali pake: matundu ya bolti, unene, ulalo wa kitako chake. Ukikiuza mapema, umeuza na vipimo. Ndiyo maana nasisitiza: usiuze kitu mpaka mbadala wake umefungwa ukakaa sawa.

Hatua ya 1: Kabla ya spana

Hakikisha una karatasi za umiliki na chombo hakidaiwi. Kisha kiegemeze vizuri. Uzito ukae juu ya mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, na nguzo za ubavuni zizuie kulala tu. Ukitaka kukata darumeti (mihimili inayobeba sitaha) ili injini ipite, kwanza funga mbao za kukingama kutoka ubavu hadi ubavu, la sivyo mbavu zitatanuka na sitaha haitarudi ilivyokuwa.

Piga picha kila kitu kikiwa bado mahali pake. Lebo iwe ya bati au plastiki, ifungwe kwa waya. Karatasi haihimili grisi. Kila nati irudishwe kwenye bolti yake palepale.

Hatua ya 2: Hatari

Tenganisha betri, ukianza na waya wa hasi. Usiwashe moto wala mashine ya kukata mpaka tangi na ngama (chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapotuama) vimesafishwa na hewa inapita. Bomba la moshi la chombo cha zamani likiwa limezungushiwa kitambaa kigumu cha kijivu au cheupe, kichukulie kuwa ni asbesto, ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, na usikichane. Waite wenye ujuzi nacho. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, na ya chini ya maji huenda ina sumu ya bati iliyopigwa marufuku kimataifa mwaka 2008. Ikwangue ikiwa imelowa, usiipige msasa mkavu.

Hatua ya 3: Kuijua shaba

Hapa ndipo pesa ilipo, na ndipo wengi wanapopunjwa. Shaba nyekundu ni ya misumari, ribiti na mabomba membamba. Shaba ya njano ni shaba na zinki. Bronzi asili yake ni shaba na bati, na ndiyo inayostahimili maji ya chumvi. Zikishashika ukoga wa kijani zote zinafanana.

Chukua tupa, kwangua sehemu isiyoonekana. Shaba ya njano nzima inang'aa kimanjano. Ukiona rangi ya waridi, kama ufizi, na chuma kinamomonyoka, zinki imeshaliwa na bahari na kilichobaki ni sponji ya shaba. Gonga kwa nyundo ndogo: kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya bubu. Koki ya chini ya maji yenye dalili hizo inaonekana nzima kabisa mpaka siku inapovunjika mkononi chombo kikiwa majini. Hiyo iuze kwa kilo tu, tena uivunje kwanza ili asije mtu akaifunga kwenye chombo chake.

Hatua ya 4: Propela na injini

Safisha kitovu cha propela. Mara nyingi utakuta namba mbili na herufi, kwa mfano 22 x 16 RH: kipenyo kwa inchi, mwendo wake kwa mzunguko mmoja, na kwamba inazungukia kulia. Pima na tundu la shafti, upande mpana na upande mwembamba. Tangazo lenye vipimo hivyo linamleta mwenye shida nayo. Lisilo navyo linamleta wa vyuma chakavu.

Injini iliyokwama usiilazimishe kwa stata. Toa nozeli za kupulizia dizeli, tia mafuta mepesi kwenye silinda, iache siku kadhaa, kisha jaribu kuizungusha taratibu kwa spana. Hata isipoamka, pampu, alteneta na gia boksi huuzika moja moja.

Hatua ya 5: Kuuza

Picha iwe na futi ya kupimia pembeni. Kasoro itaje mwenyewe. Maboya ya kujiokolea yaliyochakaa, fataki za dharura zilizopita muda na kamba za waya zilizokatika nyuzi haviuzwi kwa bei yoyote. Kuna mtu ataviamini.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Propela yangu imepinda ncha. Niinyooshe kwanza ndipo niuze?*

Marahaba. Hapana. Ukiipiga nyundo bila ujuzi utaipasua, au mapanga yatapishana na shafti itatikisika. Iuze ilivyo, na picha ya mkunjo iwe ya karibu.

*Shafti ya stenlesi inang'aa kote, ila pale inapopita kwenye gilandi (kizuizi cha maji shafti inapotokea nje) ina vishimo. Inafaa?*

Haifai kurudi kazini. Stenlesi hujilinda kwa hewa ya oksijeni. Pale maji yanaposimama bila hewa huliwa kimyakimya, na vishimo hivyo ndipo itakapokatikia. Kipande kizima kinaweza kukatwa kikatumika kwenye shafti fupi, mradi mnunuzi ajue.

*Mnunuzi anataka kusikia injini ikiunguruma, na chombo kiko nchi kavu.*

Ana haki. Ingiza bomba la kuvutia maji ya kupooza kwenye pipa la maji baridi, mtu mmoja akae kulijaza. Usiiwashe kavu hata kidogo, mpira wa ndani ya pampu utaungua. Na umwashie injini ikiwa baridi, maana ya dizeli iliyochoka huficha ugumu wake wa kuwaka ikishapashwa moto, naye ndiye atakayeiwasha alfajiri baharini.

*Mbao za zamani je?*

Zichome bisibisi. Ikizama kirahisi au ukaona vitundu vya wadudu wa baharini, weka kando. Ngumu zote toa misumari, zikate sehemu zilizoliwa, uza kwa vipimo. Zenye rangi ya zamani zisiuzwe kama kuni.