Somo: Umefungua barua pepe ukahisi ina kirusi? Soma hapa kabla hujapiga Windows upya

Wakuu, habari zenu.

Mwalimu mmoja wa sekondari aliniletea laptopu yake iliyokuwa imepigwa Windows mara mbili ndani ya wiki tatu. Mara zote mbili alilipa, na mara ya kwanza alipoteza mitihani yote aliyotunga tangu aanze kazi. Bado rafiki zake waliendelea kupokea barua pepe zenye jina lake, zikiwaomba hela ya haraka. Niliikagua ile laptopu, haikuwa na kirusi hata kimoja. Wezi walikuwa na nywila ya Gmail yake, na humo ndani walishaweka amri kwamba kila barua inayoingia ipelekewe nakala kwenye anwani nyingine. Angepiga Windows mara kumi, wangebaki palepale.

Iliniuma sana, maana mitihani ile ilipotea bure. Ndiyo sababu ya somo hili.

Hatua ya 1: Jiulize ulifanya nini hasa

Kuna mambo matatu tofauti na watu huyachanganya: ulisoma tu barua, ulifungua faili lililoambatanishwa, au ulibofya linki ukaandika nywila yako.

Kama ulisoma tu, kwenye Gmail au Outlook iliyosasishwa, tulia. Maandishi peke yake hayaendeshi programu. Kikubwa ambacho mtumaji anaweza kupata ni kujua kwamba barua imefunguliwa, kupitia picha iliyomo. Ifute, usijibu.

Kama ulifungua faili, nenda hatua ya 2 na ya 3. Kama uliandika nywila, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4, na ufanye haraka.

Hatua ya 2: Tazama mkia wa jina la faili

Tarehe 4 Mei 2000 kirusi cha ILOVEYOU kilianza kusambaa kutoka Ufilipino na ndani ya saa chache kilikuwa kimezunguka dunia. Faili lake liliitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilikuwa inaficha mkia wa mwisho, hivyo watu waliona .TXT wakadhani ni maandishi ya kawaida. Wakifungua, kinajituma chenyewe kwa kila aliyemo kwenye orodha ya anwani zao za Outlook.

Hadi leo Windows ikija mpya inaficha mikia vilevile! Kwa hiyo fungua File Explorer, bofya "View", kisha "Show", weka tiki kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 tiki hiyo utaikuta humohumo ndani ya "View".

Sasa ukiona ankara.pdf.exe, hiyo si PDF. Mikia ya kuogopa ni .exe, .scr, .vbs, .js, .bat, .lnk na .iso. Kuna pia .html, ambayo mara nyingi hufungua ukurasa bandia wa kuingiza nywila. Zip iliyofungwa kwa nywila, na nywila yenyewe imeandikwa kwenye barua ileile, iogope zaidi. Mtumaji ameifunga ili skana ya barua pepe isione kilichomo.

Faili za Word na Excel nazo si salama kila mara. Zikikuomba ubofye "Enable Content", kataa. Kirusi cha Emotet kiliingia kwenye kompyuta nyingi mno kwa njia hiyo, hadi polisi wa nchi kadhaa walipoungana kuzima mitambo yake Januari 2021, na mwaka huohuo kikarudi. Kubofya huko huwasha makro, yaani programu ndogo zilizomo ndani ya faili. Microsoft ilianza kuzuia makro za faili zitokazo intaneti mwaka 2022, lakini Office za zamani zisizopokea masasisho hazina kinga hiyo, na ndizo zimejaa mtaani kwetu.

Hatua ya 3: Kama umeshalifungua faili

Chomoa flashi na diski za nje. Kata intaneti: zima Wi-Fi, chomoa modemu, zima hotspoti ya simu. Usiingie benki wala barua pepe kwa kompyuta hiyo mpaka umalize.

Kisha fungua "Windows Security", halafu "Virus & threat protection". Kabla ya kuskani, ingia "Manage settings" ushuke hadi "Exclusions". Hapa naomba msome polepole. Humo huwekwa orodha ya sehemu ambazo antivairasi imeambiwa isiziguse. Programu za kuamsha Windows na Office za kuibia humtaka mtu azime kinga na kuiambia antivairasi iruke folda fulani, na nimeshakuta kompyuta ambayo diski C yote imo kwenye orodha hiyo. Mwenye mashine anaskani kila wiki, anaona tiki ya kijani, kumbe hakuna kinachokaguliwa. Ukikuta kitu usichokijua, kiondoe. Hakikisha pia "Real-time protection" imewashwa.

Rudi nyuma, bofya "Scan options", chagua ile yenye maneno "offline scan", kisha "Scan now". Kompyuta itajizima na kuwaka, na kazi huchukua kama dakika 15. Uzuri wa njia hii ni kwamba ukaguzi unafanyika Windows ikiwa bado haijaamka, na kirusi nacho hakijapata nafasi ya kujificha. Chomeka chaja kwanza, umeme ukikatika katikati utaanza upya. Majibu yapo "Protection history". Baada ya hapo rudisha intaneti, acha Defender (antivairasi ya Windows yenyewe) ijisasishe, halafu piga "Full scan" usiku ukiwa umelala.

Kupiga Windows upya ni pale tu hayo yote yameshindwa, na baada ya kutoa nyaraka zako.

Hatua ya 4: Kama uliandika nywila

Tumia kifaa kingine unachokiamini. Badilisha nywila, kisha kwenye akaunti yako ya Google ingia sehemu ya usalama, tazama "Your devices", na uondoe kila kifaa usichokitambua. Angalia namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti kama bado ni zako. Washa uthibitisho wa hatua mbili.

Halafu lile lililomponza mwalimu wetu. Programu ya Gmail ya kwenye simu haikuonyeshi sehemu hii, kwa hiyo fungua Gmail kwenye kivinjari cha kompyuta: mipangilio, "See all settings", kisha "Forwarding and POP/IMAP". Anwani usiyoijua, ifute. Pita pia "Filters and Blocked Addresses", maana wezi huweka humo amri ya kufuta barua za benki kabla hujaziona. Chini kabisa kulia pa Gmail kuna neno "Details", litakuonyesha akaunti imefunguliwa wapi na saa ngapi.

Na wale mnaochapisha vyeti na CV kwenye stesheneri: mkimaliza, mtoke kwenye akaunti. Mara ngapi nimefungua kompyuta ya dukani nikakuta barua pepe ya mtu iko wazi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Mkuu, mimi nimepata barua iliyotoka kwenye anwani yangu mwenyewe. Inasema wamenirekodi kwa kamera, nilipe bitcoin. Na nywila wameitaja, kweli niliwahi kuitumia. Sijalala siku mbili.

Jibu: Pole sana ndugu. Lala leo. Jina la mtumaji huandikwa tu, kama mtu anavyoweza kuandika jina lolote nyuma ya bahasha. Kwenye Gmail fungua vidoti vitatu, bofya "Show original", tazama mistari ya SPF, DKIM na DMARC, ambayo ni vipimo vya kuonyesha kama barua kweli imetoka kwenye anwani iliyoandikwa. Mara nyingi utakuta FAIL. Nywila hiyo yaelekea ilivuja kwenye tovuti fulani uliyojiandikisha zamani. Weka anwani yako kwenye haveibeenpwned.com, huenda ukaona ni ipi. Barua ya namna hiyo hutumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Usilipe, na kama bado unaitumia nywila hiyo popote, ibadilishe.

Mwanachama, Mombasa: Je, kama nilifungua hilo faili la .exe kwa simu ya Android?

Jibu: Faili la .exe ni la Windows, kwenye Android haliendeshwi. Kwenye simu ogopa .apk, yaani faili la kusakinisha programu za Android. Kama kuna uliyoikubali kutoka nje ya Play Store, ifute, na uzime ruhusa ya kusakinisha programu zisizojulikana.

Mwanachama, Dodoma: Kaka, flashi yangu nikiichomeka faili zote zimegeuka shotikati. Fundi anasema data imekufa.

Jibu: Haijafa, imefichwa. Usibofye shotikati hata moja, kila ukibofya unakiamsha kirusi. Skani flashi kwanza. Kisha fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d F:\*.* ukibadilisha F kwa herufi ya flashi yako. Folda zikitokea, nakili nyaraka zako, futa shotikati. Skani na kompyuta yenyewe, la sivyo flashi itaambukizwa tena kesho.

Mwanachama, Iringa: Hamjambo wanangu. Mimi ni mstaafu. Nililetewa barua inasema nihakiki taarifa za mafao, nikabofya, nikaandika barua pepe na nywila. Baadaye ukurasa ukaniletea kosa. Nimeogopa kumwambia mtu nyumbani.

Jibu: Shikamoo mama. Hujafanya kosa la aibu, hizo kurasa zinatengenezwa zifanane kabisa na za kweli. Leo hii mwombe mjukuu simu yake mfanye hatua ya 4 pamoja. Kama nywila hiyohiyo unaitumia mahali pengine, ibadilishe huko pia. Kama uliandika namba ya kadi au ya siri ya benki, piga benki sasa hivi kwa namba iliyo nyuma ya kadi, usitumie namba ya kwenye barua ile. Suala la mafao lenyewe ulizia ofisini ana kwa ana. Kompyuta yako usimpe mtu aifute, kwa ulivyoeleza hukufungua faili. Sehemu ya "Forwarding" mtaifungua kwenye kivinjari cha kompyuta; ukifika hapo niandikie unaona nini hapo, ila anwani yako usiiweke hadharani.